Daftari la Mlangoni

Ba'mdogo wangu alikuwa na kibanda cha kideo pale Iringo, mjini Musoma. Kilikuwa cha mabati pande tatu na turubai upande wa nne. Ndani mlikuwa na mabenchi, runinga moja ya kichogo, deki moja, na nyuma ya ukuta jenereta la siku za kukatika umeme, ambazo hazikuwa chache. Mlangoni alikaa mwenyewe kwenye kigoda, na juu ya magoti yake kauntabuku.

Kila aliyeingia aliandikiwa kijiti. Watu wazima kushoto, watoto kulia. Vijiti vinne vilisimama, cha tano kikavikata. Juu ya ukurasa aliandika tarehe na jina la picha. Chini aliandika mafuta, kukodi mkanda, chai ya kijana wa jenereta. Kilichobaki alikizungushia duara, na pembeni ya duara, mara nyingine, neno moja la kusema pesa ile imekwenda wapi: unga, hospitali, ada.

Daftari hilo liko mezani kwangu sasa. Nililipata Desemba iliyopita, chini ya kitanda chake, ndani ya sanduku la bati, pamoja na vyeti vya kliniki na rimoti tatu zisizo na runinga. Sikuwa nikitafuta daftari. Nilikuwa nimerudi nyumbani na kichwa kizito, kwa sababu mwalimu anayesimamia tasnifu yangu ya uzamili alikuwa ameandika swali moja kwa wino mwekundu kwenye sura ya kwanza: "Takwimu ziko wapi?"

Mada yangu ni filamu zilizotokana na michezo ya jukwaani, na mapato yake ya mlangoni. Nilitaka kujua ni nini hutokea mchezo unapohama kutoka jukwaani kwenda kwenye kioo: je, watazamaji wanahama nao? Je, pesa inahama? Kwa Marekani na India nilikuwa na namba tele. Kwa Tanzania nilikuwa na majina, tarehe na kumbukumbu, lakini safu ya mapato ilikuwa tupu. Mwalimu alikuwa na haki ya kuuliza. Insha hii ni jaribio la kumjibu, na jibu lenyewe limenifikisha mahali ambapo sikupanga kufika.

*

Tuanze na mlango.

Katika London ya William Shakespeare, miaka ya 1590 na 1600, mtu aliyetaka kusimama uwanjani mbele ya jukwaa alitoa peni moja mlangoni. Aliyetaka kukaa, akaongeza. Kulikuwa na watu waliowekwa pale kwa kazi hiyo tu, kupokea peni. Mwandishi wa kawaida wa siku zile aliuza mchezo wake kwa kikundi, akalipwa, na habari yake ikaishia hapo, hata kama mchezo ungechezwa miaka kumi. Shakespeare hakutajirika kwa njia hiyo. Yeye alikuwa mwanahisa wa kikundi chake, na baadaye wa jumba lenyewe la Globe. Kila peni iliyoingia mlangoni, kijisehemu chake kilikuwa chake. Aliyeuza mchezo alilipwa mara moja. Aliyekuwa na hisa ya mlango alilipwa kila watu walipokuja.

Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, kwa sababu habari yote inayofuata imo ndani yake.

Sinema ilipokuja, ilirithi mlango wa jukwaa. Ilirithi pia hadithi zake. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, ilitokana na mchezo wa jukwaa la Waparsi, yale maigizo ya nyimbo na mavazi ya kung'aa yaliyokuwa yakijaza kumbi za Bombay tangu karne ya 19. Mwaka 1922, huko Lahore, Imtiaz Ali Taj aliandika tamthilia iitwayo Anarkali, kuhusu mapenzi ya mwana wa mfalme na mcheza ngoma wa kasri. Tamthilia hiyo ndiyo chimbuko la Mughal-e-Azam, filamu ya K. Asif iliyozinduliwa tarehe 5 Agosti 1960 katika jumba la Maratha Mandir, Bombay. Iliweka rekodi ya mapato ya filamu za India, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka Sholay ilipotoka, miaka 15 baadaye. Mwaka 2004 ilitiwa rangi na kuoneshwa upya. Mwaka 2016 ilirudi ilikotoka: Feroz Abbas Khan aliifanya mchezo wa muziki wa jukwaani.

Tunayajua haya kwa sababu palikuwa na tiketi. Hata huku kwetu palikuwa nazo. Picha za Kihindi zilijaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mwanza kwa miongo kadhaa. Wazee wanaokumbuka Awara ya Raj Kapoor bado wanaweza kukuimbia wimbo wake bila kujua neno moja la Kihindi. Mwenye jumba alijua ameuza tiketi ngapi, msambazaji alijua, na serikali ilijua kwa sababu ilikata kodi juu ya kila tiketi. Mwaka 1968 serikali ilianzisha Tanzania Film Company, ambayo baadaye ilipewa usambazaji wote wa filamu nchini. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, na majumba mengi ya sinema yakaingia mikononi mwa umma. Unaweza kubishana usiku kucha kama hatua hizo zilikuwa za busara. Lakini katika miaka yote hiyo mlango ulibaki kuwa mlango: ulipita, ukahesabiwa.

Hadithi zilizokuwa zikihesabiwa, hata hivyo, zilikuwa za watu wengine. Za kwetu zilikuwa jukwaani.

*

Ukitaka kuijua historia ya filamu za Kitanzania, usianze na kamera. Anza na baa na kumbi za starehe za miaka ya 1980.

Wakati huo vikundi vya sanaa kama Muungano na DDC Kibisa vilikuwa vikifanya maonesho ya jioni nzima. Ulilipa kiingilio kimoja, ukapata ngoma, sarakasi, taarabu, na katikati yake kichekesho au igizo. Mwaka 1992 ikazaliwa TOT, iliyoongozwa na Kapteni John Komba, na ushindani kati yake na Muungano ukawa habari ya mjini. Maigizo yao hayakuandikwa neno kwa neno. Kikundi kilikubaliana kisa: mume mlevi, mke mvumilivu, mama mkwe, mganga wa kienyeji. Baada ya hapo kila mwigizaji aliingia jukwaani na maneno yake. Watu wakicheka sana, mnarefusha. Wakinyamaza, mnakata.

Ni ufundi wenye mizizi mirefu. Amri Athumani, ambaye taifa zima lilimjua kama King Majuto, alianza kuchekesha watu jukwaani huko Tanga akiwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950. Alipofariki Agosti 2018 alikuwa amepita kwenye jukwaa, kanda, runinga na filamu, na kote huko alikuwa Majuto yuleyule.

Runinga ilichelewa Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini sisi tulisubiri mpaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Vituo vilihitaji kitu cha Kiswahili cha kuonesha jioni, na vikundi vya maigizo vilikuwepo tayari. Kaole Sanaa Group ndicho kilichopata jina kubwa zaidi. Waliokuwa wakiigiza mbele ya watu waliolipa kiingilio sasa walikuwa wakiigiza mbele ya nchi. Barabarani waliitwa kwa majina ya wahusika wao.

Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea kwenye sura yangu ya kwanza. Nilikuwa nikitafuta tamthilia fulani, yenye jina na mwandishi, iliyogeuzwa filamu fulani. Nilikuwa nikitafuta Anarkali yetu. Kumbe kwetu hakikuhama kitabu. Lilihama jukwaa zima. Walihama waigizaji wenyewe, na namna yao ya kukubaliana kisa kisha kila mtu akaleta maneno yake. Ilihama ile sebule moja ambamo kila mtu anaingia, anagomba, anatoka. Ukitazama filamu ya Kibongo ya katikati ya miaka ya 2000, zile dakika kumi za watu wawili kubishana kwenye kochi bila kamera kusogea, unachokiona ni jukwaa. Wakosoaji walisema ni ushamba wa kutojua sinema. Nadhani ilikuwa ni uaminifu kwa kitu ambacho watazamaji walikuwa wamekwisha kukilipia na kukipenda.

Na watazamaji walihama pia. Swali langu la kwanza lilikuwa na jibu: ndiyo, walikuja wote.

Kitu pekee ambacho hakikuhama ni mlango.

*

Runinga haina mlango. Mtu anaketi sebuleni kwa jirani, anatazama, anaaga. Na baada ya runinga ikaja kanda, kisha CD. Katika miaka ya 1990 majumba ya sinema yalikuwa yakifungwa au kugeuzwa makanisa, kumbi na maghala. Kwa hiyo filamu kama Girlfriend ya mwaka 2003 ilipofungua njia ya kile tulichokuja kukiita Bongo Movie, tasnia ilizaliwa bila nyumba. Mzalishaji alipiga picha, akahariri, akaenda kwa msambazaji, na kwa kawaida akauza haki zote kwa bei moja. Akitoka pale, filamu haikuwa yake tena. Ikiuzwa nakala elfu tano au laki moja, kwake ilikuwa sawasawa. Dawa iliyobuniwa mtaani ilikuwa kuigawa hadithi vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili kuuza mara mbili. Ukiwahi kujiuliza kwa nini filamu zile zilikatikia mahali pabaya, hilo ndilo jibu.

Yaani walirudi kuwa yule mwandishi wa London aliyeuza mchezo mara moja akaenda zake.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika miaka hiyohiyo Tyler Perry, mwigizaji mweusi wa Marekani, alikuwa akifanya kitu kinachofanana sana na vichekesho vyetu: michezo ya familia, ugomvi, dini na kicheko kikubwa, ikizunguka mji hadi mji, na watazamaji wengi wakitoka makanisani. Wakosoaji wa huko nao walisema ni ushamba. Mwaka 2005 alichukua mmoja wa michezo hiyo, Diary of a Mad Black Woman, akaufanya filamu kwa takriban dola milioni 5.5. Ilikusanya karibu dola milioni 50. Wakubwa wa Hollywood walishangaa, lakini yeye hakuwa na sababu ya kushangaa. Alikuwa amewaona watu hao kwa macho yake, mji baada ya mji, wakipita mlangoni. Alijua ni wangapi. Na alikuwa ameshikilia umiliki wa kazi yake, kwa hiyo walipohamia sinema, pesa yao ilimfuata.

Mtu atasema Marekani ni Marekani. Ni kweli. Lakini kumbuka hata huko mchezo wa jukwaani haubebwi na jina. Romeo and Juliet ya Franco Zeffirelli, mwaka 1968, iligharimu chini ya dola milioni moja, ikakusanya zaidi ya milioni 38 Marekani pekee, kwa sababu iliwapa vijana wa wakati ule wapenzi wenye umri wao. The Merchant of Venice ya mwaka 2004, yenye Al Pacino, iligharimu kama dola milioni 30, na mapato yake ya mlangoni duniani kote hayakufika hapo. Mwandishi ni yuleyule. Kilichotofautiana ni kama kuna watu waliokuwa wakiisubiri hadithi ile.

Sisi watu tulikuwa nao. Ushahidi wa hilo, kama unautaka, upo Kinondoni.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akajiunga na Kaole mwaka 2002, na ndani ya miaka kumi akawa uso wa filamu za Kiswahili mpaka Kongo na Burundi. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Siku ya mazishi, umati uliofurika viwanja vya Leaders Club ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu walizimia kwa msongamano. Nimezitazama picha za siku ile mara nyingi kwa ajili ya tasnifu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza watazamaji wa Bongo Movie kuonekana wote mahali pamoja, na walikuja bure, kuaga.

Mwaka uliofuata, 2013, serikali ilianza kutaka stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Kila nakala halali ilitakiwa kuwa na alama ya kuhesabika. Lakini kufikia wakati huo nakala zisizo halali zilikuwa zimekwisha kuwa ndizo soko lenyewe, na simu za mkononi zilikuwa njiani.

*

Kutoka Iringo kwenda Shule ya Msingi Mwisenge ni mwendo wa miguu. Ndipo Julius Nyerere alipoanza darasa la kwanza mwaka 1934, akitokea Butiama. Watoto wa Musoma tunalijua hilo kabla ya kujua kuandika majina yetu. Tunajua pia, kwa sababu mitihani inalitaka, kwamba akiwa kiongozi wa nchi alipata muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969.

Niliisoma tena Mabepari wa Venisi Desemba ileile, usiku, na daftari la ba'mdogo likiwa pembeni. Neno bepari lilikuwa la wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya kuwa tusi la kisiasa, na Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alijua vizuri anachofanya alipoliweka juu ya jalada. Hadithi yenyewe ni ya mkataba. Antonio anakopa dukati 3,000 kwa Shailoki ili kumsaidia rafiki yake. Akishindwa kulipa, atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Anashindwa. Mahakamani inajulikana kwamba mkataba unaruhusu nyama lakini hautaji damu.

Shuleni tulifundishwa kumcheka Shailoki. Safari hii nilijikuta nikifikiria jambo lingine: kwamba mchezo mzima unategemea karatasi. Kila mtu anajua nani anadaiwa nini, mpaka ratili. Ndiyo maana kuna kesi, na kuna hukumu. Waigizaji wetu waliohama na jukwaa lao hawakuwa hata na kesi ya kushindwa. Ratili ilikatwa kidogokidogo, mji kwa mji, na waliokata hawakujuana. Hapakuwa na karatasi.

Isipokuwa hii iliyokuwa mezani kwangu.

*

Nilianza kuhesabu vijiti.

Nilianza na rahisi. Sarafina! inatokea kwenye daftari kila Juni. Mbongeni Ngema aliiandika kwa ajili ya jukwaa. Ilianzia Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, ikaenda New York, ikachezwa Broadway kuanzia Januari 1988. Leleti Khumalo aliyeicheza jukwaani ndiye aliyeicheza kwenye filamu ya mwaka 1992, pamoja na Whoopi Goldberg. Katika majumba ya sinema ya Marekani ilikusanya kama dola milioni 7. Kwa hesabu za huko, ni filamu ndogo. Lakini muulize kijana yeyote wa Musoma, Bunda au Tarime kama anaijua. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kukumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976, na siku hiyo ba'mdogo alionesha Sarafina! kuanzia asubuhi. Upande wa kulia wa ukurasa, wa watoto, vijiti vinajaa mpaka vinapanda pembeni na kuzunguka tarehe. Nilikuwa mmoja wa vijiti hivyo. Katika safu zote za dunia zinazoonesha mapato ya Sarafina!, hakuna iliyotuhesabu sisi, ila hii.

Nilifurahi sana usiku ule. Nilijiona kama mtu aliyeokota dhahabu Buhemba. Nilimwandikia mwalimu kwamba takwimu zimepatikana.

Kisha nikafika Aprili 2012.

Kurasa za wiki ile si za kawaida. Jina la picha halibadiliki sana: "Kanumba," tena "Kanumba," "Kanumba (2)." Alionesha filamu zake mchana na usiku. Huku kwetu alikuwa mtoto wa Kanda ya Ziwa, na watu walitaka kumwona. Nilikuwa nimesahau, lakini vijiti vilinikumbusha: watu walisimama nje wakipiga chabo kwenye matundu ya mabati, na ba'mdogo akaanza kuwaandika hao pia, kwa kijiti kifupi, kwa nusu ya kiingilio. Mapato ya wiki ile ndiyo makubwa kuliko yote katika daftari. Duara lake amelikoleza kwa kalamu mara mbili. Pembeni ameandika "ada," na herufi ya kwanza ya jina langu.

Mwaka 2012 niliingia kidato cha kwanza. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Nilijua kwamba ba'mdogo ndiye aliyenisomesha. Sikujua ni wiki gani.

Na nilijua, kwa sababu nimeandika kurasa sitini kuhusu jambo hili, kwamba hakuna hata shilingi moja ya wiki ile iliyowafikia waliozitengeneza zile filamu. CD zilikuwa za kukodi, na nyingi zilikuwa nakala za nakala. Kwenye tasnifu yangu nilikuwa na jina la watu wa aina hiyo. Niliwaita "mtandao usio rasmi wa uoneshaji unaodhoofisha mapato ya wasanii." Mtandao huo ulikuwa umekaa kwenye kigoda, na ulinilipia ada.

Asubuhi nilimfuata. Siku hizi anauza vifaa vya uvuvi karibu na Mwigobero. Kibanda alikivunja zamani, kila mtu alipopata simu yenye kioo. Nilimkuta akifungua mzigo wa nyavu.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Nilimwonesha ukurasa. Alivaa miwani, akautazama muda mrefu, akatabasamu alipofika kwenye vijiti vifupi. Nikamweleza ninachofanya. Nikamweleza kwamba nikitumia daftari lake, lazima niseme lilikuwa daftari la nini. Sitataja jina lake, lakini nitasema lilikuwa la kibanda kisicholipa mtu.

Hakukasirika. Alisema enzi zile hakuna aliyekuja kumwambia. Leseni ya biashara alilipa, ushuru wa manispaa alilipa, mwenye CD alilipwa. "Angekuja mtu akasema, mzee, katika kila kumi moja ni ya Kanumba, ningempa. Si unaona nilikuwa naandika? Nilikuwa naandika ili nani?"

Sikuwa na jibu. Bado nalitafuta. Nimesoma kuhusu Waparsi, London na Atlanta, na sijui mtu mwingine katika habari hii yote aliyehesabu vichwa kwa uaminifu kama yule aliyekuwa hana pa kupeleka hesabu.

Nikamwonesha jedwali nililolitengeneza kwenye kompyuta. Tarehe, jina la filamu, watu wazima, watoto, jumla, gharama, kilichobaki. Mwishoni niliweka safu moja yenye kichwa "Kilichomfikia mwenye kazi." Safu hiyo nilikuwa nimeiacha wazi, kutoka juu mpaka chini. Sikuweza kuandika kitu pale, na nilijiambia kwamba ni kwa sababu za kitaaluma.

Aliinama kwenye kioo, kidole kikashuka pole pole juu ya zile nafasi tupu.

"Hapa weka sifuri," alisema. "Ukiacha wazi watadhani nilisahau kuandika."